Tone la Spiriti Juu ya Sandarusi

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja, wakati wa Mwingereza, nikiwa msaidizi wa sonara mmoja huku bara, hapa Mtendeni, Mzee Salumu. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na nilijiona nimemaliza kujua vito vyote.

Mzee alikuwa ametoka. Akaja mama mmoja wa Sikonge na binti yake, aliyekuwa anaolewa Jumamosi. Mama alifungua kitambaa, akatoa shanga saba za rangi ya asali. Uzi wake ulikuwa umekatika.

"Kaharabu hizi," alisema. "Baba yangu alikuwa mpagazi, alizitoa pwani kwa miguu. Nitungie, mwanangu, bibi harusi azivae."

Nikazishika. Zilikuwa nyepesi, hazina ubaridi wa jiwe. Niliusugua ushanga mmoja kwenye sufu, ukavuta makapi. Nikautia kwenye maji ya chumvi, ukaelea. Kaharabu ndivyo ilivyo, lakini hata sandarusi iko hivyo, maana zote ni utomvu wa miti uliogandamana ardhini. Kaharabu imekaa zaidi, ikakomaa, hata spiriti haiilainishi. Bila kuuliza, nikadondosha spiriti juu ya ushanga mkubwa kuliko wote, nikaubonyeza. Ukanata. Alama ya kidole changu ikabaki.

"Hii si kaharabu, mama," nikasema kwa majivuno. "Ni sandarusi tu."

Binti alimtazama mama yake. Mama akauinua ushanga kwenye mwanga.

"Nilikuuliza ni nini?" alisema polepole. "Nilikuomba uzi." Akaziacha, wakaondoka.

Mzee Salumu aliporudi hakunifokea. Alisema tu, "Utaung'arisha mwenyewe, na utazipeleka mwenyewe."

Nilisugua siku mbili kwa chaki laini. Alama ilififia, haikuisha. Ijumaa nikazitunga kwenye uzi mpya, nikapanda baiskeli hadi Sikonge, nikamwamkia yule mama, nikamwomba radhi mbele ya binti yake.

Binti akaugeuza ushanga. "Upande wa kidole chako utakaa kisogoni," akasema. "Kesho usisimame nyuma yangu."

Mama hakucheka. "Hiyo sandarusi inachimbwa wapi?"

"Pwani, mama. Huku kwetu haipo."

Akaupapasa ushanga, akasema, "Basi baba alifika kweli. Wapo waliokuwa wakimbishia mpaka anakufa."

Mwanangu, sikwambii ufiche ukweli. Ila cha mtu usikipime kabla hajakuruhusu. Na ukimwambia ukweli, mwambie wote; usiishie pale panapokusifu wewe. Mimi nilikuwa na neno la kumfariji tangu asubuhi ile, nikalikalia.

Mungu akupe jicho kali na mkono mpole, na kila atakayekuachia kitu chake akikute kizima.