Mgomba wa Kwanza Hauhesabiwi

Kemilembe binti Karugendo anachora ramani za nyumba mjini Bukoba, katika chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, na kama unadhani hiyo ni kazi ya kukaa na kubofya tu, nenda ukashinde naye siku moja. Mvua ikipiga bati la chumba kile hamsikilizani. Wateja wanakuja na kiwanja cha mteremko, wanataka nyumba ya tambarare waliyoiona kwenye simu. Yeye husikiliza, huandika vipimo kwenye daftari, kisha hugeukia kompyuta yake. Ana miaka thelathini na mmoja, anaishi Ijuganyondo, na ukimwambia jambo haliwezekani hunyamaza. Wanaomfahamu wanajua kwamba ukimya ule si wa kukubali.

Katika programu yake ya kuchorea, kitu anachokipenda kuliko vyote ni kurudia. Unachora dirisha moja, dirisha la maana, na fremu yake na nondo zake. Kisha unaiambia kompyuta yawe mangapi na kwa umbali gani. Kufumba na kufumbua, madirisha yamejipanga ukutani. Mchoraji wa zamani angeinamia meza siku nzima kwa kazi hiyo.

Basi alipoletewa kazi ya bweni la wasichana la sekondari moja huko Muleba, alifurahi sana. Vyumba vinne, kila chumba safu mbili za vitanda vya dabodeka, kitanda kimoja wasichana wawili, mmoja chini na mmoja juu. Kazi yote ilikuwa ya kurudia. Tena alikuwa na sababu yake. Kidato cha kwanza yeye mwenyewe alikosa kitanda shuleni, akapanga chumba na mwenzake Joanitha. Walipika wenyewe, walisomea koroboi, na wakati wa mvua walifika darasani wamelowa. Joanitha alirudi kwao kidato cha pili na hakuonekana tena. Kemilembe hajawahi kulisamehe jambo hilo, ingawa hajui hasa amlaumu nani.

Ramani ilipita, kuta zikapanda, bati likapigwa. Zikiwa zimebaki wiki tatu shule ifunguliwe, alikwenda Muleba kuangalia umaliziaji. Ofisini kwa mkuu wa shule, Mwalimu Renatha, aliona orodha ya majina imebandikwa ukutani. Karibu na mwisho palipigwa mstari mwekundu, na chini ya mstari yalikuwapo majina kumi na sita. La kwanza lilikuwa Klaudia.

"Hawa vipi, Mwalimu?"

"Hao wamekosa," alisema Mwalimu Renatha. "Mimi niliomba nafasi mia moja arobaini na nne. Ramani yako ilikuja na mia moja ishirini na nane. Nikajua kiwanja hakikutosha. Kamati imeshawaandikia wazazi."

Kemilembe alitoka, akaingia bwenini peke yake. Fundi alikuwa ameweka alama za chokaa sakafuni kufuata ramani, vitanda vinane kila safu. Na mwisho wa kila safu, kwenye ukuta wa mbali, palibaki nafasi tupu. Aliipima kwa hatua. Ilitosha kitanda kizima. Vyumba vinne, safu nane, vitanda vinane, wasichana kumi na sita. Nafasi ile aliiona tangu kwenye ramani, akadhani ni ya kupitia.

Ukuta aliupimia vitanda tisa, na daftari lilisema tisa. Lakini alipoifungua kazi ile Bukoba, palipotakiwa idadi ya vitanda aliona nane, aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe. Kwa nini nane? Alilala na swali hilo, akaamka nalo, na Jumapili baada ya misa akalipeleka Maruku kwa baba yake.

Mzee Karugendo alifanya kibarua miaka mingi katika mashamba ya majaribio ya migomba, na kamba yake ya mafundo, ya kupimia nafasi za migomba, bado inaning'inia ukutani jikoni. Binti yake alikulia kwenye kamba ile. Yeye ndiye aliyekuwa akishika upande wa pili.

"Nieleze ulivyofanya," mzee alisema, huku akimenya ndizi.

"Nimechora kitanda cha kwanza, Tata. Nataka tisa. Cha kwanza kipo, nimebakiza vinane. Nikaiambia nane."

Mzee akacheka mpaka kisu kikaanguka.

"Sasa unacheka nini?"

"Sisi shambani, mgomba wa kwanza ni wa nini?"

"Ni mlinzi. Unakaa pembeni kuikinga ile ya majaribio, haupimwi, hauhesabiwi. Tunahesabu kuanzia fundo la pili." Hapo Kemilembe aliona alichofanya.

"Ndiyo hivyo. Mashine yako haijui mlinzi," mzee alisema. "Imehesabu na wa kwanza."

Hapo wengine wangefunga mdomo. Kosa lilikuwa halijaonekana na mtu, lawama ilikuwa imekiangukia kiwanja, na kiwanja hakisemi. Isitoshe, kamati ile ile ndiyo ingeamua nani achore madarasa mapya, na Kemilembe alikuwa akiyataka madarasa yale. Lakini mficha uchi hazai. Aliomba kamba, baba yake akaifungua mafundo na kuifunga upya kwa kipimo cha vitanda, na Jumatano akawa Muleba mbele ya kamati.

Mwenyekiti, Mzee Buberwa, ni mtu wa heshima zake. Jambo akishalitangaza halirudishi nyuma.

"Barua zimekwenda," alisema. "Nafasi ile tumekwisha kuipangia masanduku. Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu."

"Hayajamwagika, Mzee. Vitanda vya nyongeza bado vinaweza kuchomelewa, shule haijafunguliwa."

"Jana nane, leo tisa. Watu watasema kamati haijui kuhesabu."

"Waambieni ni mimi nisiyejua kuhesabu. Nitawaambia mwenyewe, kwenye mkutano wa wazazi. Jina langu liko kwenye ramani."

Wajumbe walitazamana. Mmoja akauliza kama kweli kitanda kitaingia, au ni maneno ya kompyuta tu. Kemilembe hakufungua kompyuta. Aliwaongoza bwenini, akafunga kamba kwenye msumari karibu na mlango, akamwomba Mzee Buberwa mwenyewe ashike upande wa pili na kuivuta. Mwenyekiti akaivuta. Kisha Kemilembe akatembea, akigusa kila mahali pa kitanda, akihesabu kwa sauti, safari hii akianzia pale msumarini. Alipofika tisa, fundo la mwisho lilikuwa mkononi mwa Mzee Buberwa, na mgongo wake ulikuwa haujagusa ukuta.

Mzee aligeuka, akautazama ukuta nyuma yake. "Masanduku yatakaa chini ya vitanda," alisema.

Barua mpya zilikwenda. Kwenye mkutano wa wazazi Kemilembe alisimama, akaeleza kosa lake mwanzo hadi mwisho, na baba mmoja wa Kamachumu akasema wazi kwamba mtu wa namna hiyo hafai kuchora hata banda la kuku. Alivumilia. Madarasa alipewa mchoraji mwingine. Iliuma, na sitasema haikuuma.

Siku ya kufungua shule hakuna aliyemwalika, akaenda hivyo hivyo. Aliingia chumba cha kwanza katikati ya wasichana na magodoro yao, akaanza kuhesabu kwa kushika chuma cha kila kitanda. Alianzia kile cha mlangoni. Msichana mmoja alikuwa akitandika shuka pale, na kwenye sanduku lake pameandikwa kwa rangi nyeupe: Klaudia.

"Unahesabu nini, dada?"

"Vitanda."

"Walishahesabu."

"Najua," alisema Kemilembe, mkono wake ukiwa bado juu ya chuma. "Wewe ni wa kwanza."

Kisha akaenda kwenye cha pili.