Tangi Lililogoma Manyatta

Karwirwa wa Mikinduri aliuza ng'ombe wa gredi akanunua nyumba yenye magurudumu. Wanawake wa sokoni waliposikia walimwuliza ataikamulia wapi.

"Huko chini," akawajibu, "ina mabomba kuliko chuchu za ng'ombe wenu."

Walicheka hadi wakashika mbavu. Yeye hakucheka, kwa sababu hakuwa anatania. Alikuwa amefanya usafi kwa miaka mingi katika kambi ya wajenzi wa barabara karibu na Nchiru, na kazi yake hasa ilikuwa karavani ya injinia. Kambi ilipofungwa vitu vikapigwa mnada. Mimi nilikwenda pale kutafuta mabati na betri, maana hiyo ndiyo biashara yangu. Wanunuzi wengine waliizunguka ile karavani wakigonga ubavu na kupiga teke matairi. Karwirwa alipiga magoti kwenye matope akaingia uvunguni. Alipotoka alikuwa na tope hadi kwenye kitambaa cha kichwa, na nikajua huyu mama habahatishi. Kila tulipotaja bei alitaja ya juu kidogo, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai. Tukamwachia.

Uvunguni ndiko kulikokuwa na mali. Kulikuwa na matangi matatu. Moja la maji safi ya kunywa na kupikia, moja la kupokea maji ya sinki na ya kuoga, na la tatu la choo. Ukiyaweza hayo matatu una nyumba. Usipoyaweza una shimo la choo linalotembea barabarani, na hakuna atakayekukodisha.

Yeye aliyaweza. Mpira wa maji safi ulikuwa wa kijani, wa maji machafu mweusi, na haikulala pamoja hata siku moja. Tangi la choo nalo lilikuwa na sheria yake. Sisi watu wa mlimani tumezoea maji ya mfereji yanayopita shambani mchana kutwa, kwa hiyo mtu akiona valvu ya kutolea uchafu mkono unamwasha, anataka kuiacha wazi. Ukiiacha wazi maji yanakimbia peke yao, na kile kizito kinabaki kimekaa ndani. Karwirwa aliifunga kabisa, akangoja tangi likaribie kujaa, kisha akaifungua kwa mkupuo mmoja ili kila kitu kitoke pamoja. Nyuma yake aliachilia maji ya sabuni kutoka tangi la pili yasafishe bomba. Basi. Hakuna uchawi hapo, lakini ni wangapi wanaweza kungoja?

Kazi kubwa ilikuja kupitia mwanamke anayeitwa Ednah, mpangaji wa safari za kundi la madaktari wa macho. Walikuwa wakizunguka masoko, kuanzia upande wa Embu hadi Tigania, na walichoka na vyumba vya kulala wageni. Ednah alimwambia Karwirwa, akimwita kwa jina la mwanawe, bila kuzunguka: "Mama Mukiri, tunaanza na Manyatta. Nitakuja kuangalia mwenyewe. Ikifaa, mwaka mzima ni wako. Isipofaa tunarudi hotelini."

Ng'ombe alikuwa ameshauzwa. Hakukuwa na kitu kingine cha kurudia nyumbani. Hivyo ndivyo mambo yalivyosimama siku nilipofunga karavani nyuma ya Landrova yangu, aliyokuwa ameikodi, tukashuka kwenda Embu.

Huko Manyatta Karwirwa alichagua boma la Nelius na mumewe Misheck, wakulima wa chai na maziwa. Hakulichagua kwa uzuri wa maua. Lilikuwa kwenye mteremko, na choo cha shimo kilikuwa chini ya mahali pa kuegesha, ili uchafu uteremke wenyewe kwa mpira mweusi bila pampu. Mapatano yao yalikuwa safi pia. Karavani iegeshwe pale na itumie choo chao, na madaktari wasinunue maziwa wala mayai kwingine ila kwa Nelius. Kila mmoja aliondoka kwenye mazungumzo akidhani amemshinda mwenzake. Biashara nzuri huwa hivyo.

Madaktari walikuwa wakienda asubuhi kwenye ukumbi wa kanisa kutibu watu, naye Karwirwa akienda sokoni kutafuta mboga. Mambo yalikwenda vizuri hadi siku ambayo Ednah alitarajiwa alasiri. Asubuhi hiyo Karwirwa aliona tangi la choo linakaribia kujaa, akaunganisha mpira mweusi, akavuta valvu. Ukatoka mchirizi wa maji ya kijivu, ukakatika. Akatikisa. Hakuna. Akaingia ndani, akainama juu ya choo, akapitisha kidole ukingoni. Kidole kikatoka na vumbi laini.

"Mama Cicily!" akaita. Nelius akaja akipangusa mikono kwenye leso. "Nani ameingia humu?"

"Si ni mimi tu," Nelius akasema, tena kwa furaha. "Niliona aibu, mwenzangu. Madaktari wa watu, wamesoma, na choo kiko pale pale karibu na kitanda! Nikakiwekea jivu."

"Jivu."

"Jivu zuri. La kuni. Nililichekecha hata."

"Kiasi gani, Mama Cicily?"

"Si debe zima." Akafikiri kidogo. "Na jana pia, si debe zima."

Kila mama wa huku anajua jivu linaua harufu na nzi chooni. Kwenye shimo la ardhini ni dawa. Kwenye tangi la plastiki lililofungwa, jivu linazama, linashikana, linakuwa simiti. Nilimtazama Karwirwa nikitarajia alipuke. Mimi ningelipuka. Alikaa kwenye ngazi ya karavani, akavuta pumzi, akasema, "Asante kwa kunifikiria. Sasa nifikirie tena. Nataka maji."

"Leo si siku yetu ya mradi wa maji," akasema Misheck, aliyekuwa amefika na nondo begani. "Mfereji umekauka. Yaliyo kwenye tangi la nyumbani ni ya ng'ombe."

"Ng'ombe wako wanakunywa saa ngapi?"

"Jioni."

"Basi niazime mpaka jioni. Kiogora atashuka mtoni na Landrova akurudishie, na ya juu."

"Nani amekuambia Kiogora anashuka mtoni?" nikauliza, maana Kiogora ni mimi.

"Wewe. Tulipokuwa tukipatana uliniapia Landrova yako haijawahi kukataa kazi."

Misheck akacheka, akakubali. Kisha akainua ile nondo. "Ngoja nilichokoe kwa chini. Dakika moja tu."

"Ukilichokoa utalitoboa, na shamba lako litanuka hadi Krismasi. Weka chini, Baba Cicily."

Akaweka chini. Karwirwa akamimina maji chooni ndoo baada ya ndoo, na sabuni ya unga, akiacha nafasi juu ili maji yapate pa kupiga. Akafunga valvu, akaikaza, akafunga kifuniko cha bomba pia. Kisha akanigeukia.

"Funga Landrova."

"Twende wapi?"

"Popote penye mashimo."

Mashimo Manyatta si ya kutafuta. Ile barabara ya murram, changarawe isiyo na lami, inayopanda kwenda kituo cha chai ilikuwa imelimwa na mvua hadi mtu mzima angeweza kuoga ndani yake. Tulipanda. Alikaa kando yangu akiamuru: sasa kimbia, sasa breki, sasa pitia lile. Nyuma yetu niliyasikia maji yakipiga kuta za tangi kama maziwa kwenye mtungi wa kusukasuka. Kituoni wakulima walikuwa wakingoja kupimiwa chai, na hawakuwa na la kufanya ila kututazama.

"Kiogora, umepotea?" mmoja akapiga kelele tulipopita mara ya pili.

"Hajapotea," akadakia mwingine, "anatafuta barabara mbaya kuliko hii!"

"Mama, mnauza nini humo?"

"Leo ni bure!" akajibu Karwirwa kupitia dirishani. "Leteni sufuria!"

Wakacheka, nasi tukageuza. Kila tuliposimama aliteremka, akaingia uvunguni na kuweka kiganja kwenye tumbo la tangi, kama daktari wa mifugo anayepima mimba. Mara ya mwisho alikaa huko muda, akatoka akasema, "Limeachia." Sikumwamini. Tukateremka.

Ednah alikuwa ameshafika. Alisimama katikati ya boma na mkoba wake, akitazama mahali ambapo karavani ilipaswa kuwa. Nelius alikuwa kando yake na kikombe cha chai ambacho mgeni hakukigusa.

"Mama Mukiri, nyumba ya madaktari inatoka wapi?"

"Kusafishwa tumbo, Madam. Sogea upande huu, tafadhali. Upepo unaelekea huko."

Angeweza kumpeleka Ednah ndani ya nyumba, akampa mayai, akafungua valvu baadaye. Nami nilimnong'onezea hivyo. Akanitazama kama niliyemwambia ashushe bei. Akaunganisha mpira mweusi mbele ya kila mtu, akavuta.

Hakikutoka kitu. Nelius akasema, "Ngai!" na kufunika mdomo. Kisha ule mpira ukashtuka, ukajaa, ukarukaruka majanini, na uji mzito wa kijivu ukateremka kwa kishindo hadi shimoni. Ukatoka, ukatoka. Karwirwa akaachilia maji ya sabuni nyuma yake, halafu ndoo nyingine kwa juu, mpaka kilichopita kikawa maji matupu.

"Nani alifanya hivi?" Ednah akauliza. Nelius akainamisha kichwa.

"Aliyefanya alitaka kutusaidia," akasema Karwirwa. "Kosa liko kwenye mpango wetu, Madam. Mpango unasema nipike, niende sokoni, na nyumba ibaki na yeyote. Kila boma tutakaloingia mwaka huu lina jivu, na lina mama mwenye moyo mzuri."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mtu mmoja anakaa na matangi kutwa. Mimi. Wa kwenda sokoni na kupika ataajiriwa na ofisi yako."

"Unaniomba kazi au unanipangia kazi?"

"Kule hotelini choo kikiziba, meneja anakuita uone kikizibuliwa?"

Ednah aliingia karavani, akafungua choo, akanusa. Akafungua bomba la sinki, akajaza glasi kutoka tangi la maji safi, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kisha akanywa yote, kama mtu aliyetoka kupalilia.

"Huyo mpishi utamtoa wapi?"

"Upande wa Embu namtaka Mama Cicily. Hakuna mtu Embu nzima anayejua vizuri kama yeye kile kisichoingia mle."

Nelius ndiye aliyecheka kwanza, tena kwa sauti, na chai ikamwagika. Ednah akatoa mkono.

"Ngoja, Madam, ninawe," akasema Karwirwa. Akanawa kwa sabuni hadi kwenye viwiko bila haraka, akajikausha, ndipo akaupokea ule mkono. Na mwaka huo wote, kutoka Manyatta hadi Mikinduri, hakuna daktari wa macho aliyelala hotelini.