Barua Iko Dispachi

Ofisini kwetu Nachingwea kutuma kunaitwa dispachi. Kitabu ni dispachi, kazi ni dispachi, na tarishi akiwa njiani tunasema yuko dispachi. Salamu hutumwa. Barua ya serikali hupita dispachi: inaandikwa namba, tarehe, inakwenda wapi, na anayeipokea anatia sahihi. Nimekaa masijala miaka mingi nikikitunza kitabu hicho, na nilikuwa mkali. Mtu akiniomba barua yake aipeleke mwenyewe, namjibu kwamba barua haibebwi na mwenye shida.

Kisha mwenye shida nikawa mimi. Mama alipooza upande mmoja, peke yake kule Nanganga, nikaomba uhamisho kwenda Ruangwa, wilayani kwake, ili nimuuguze. Bosi akasaini, barua ikarudi mezani kwangu. Nikaiingiza kitabuni. Tarishi alikuwa likizo, kaenda Naipingo kuokota korosho zake.

"Dada, si uichukue tu?" bosi akaniuliza. "Ruangwa si hapo tu?"

Nikaona aibu kula matapishi yangu mbele ya ofisi nzima. Nikamwambia nitamsubiri tarishi.

Kila Jumapili Mama alinipigia kwa simu ya jirani. Maneno yalimtoka mazito.

"Wamekwambiaje, mwanangu?"

"Barua iko dispachi, mama."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Inatumwa."

"Haya. Nakungoja."

Ilikaa kwenye trei wiki tatu. Wiki ya nne jirani alipiga mwenyewe, siku ya Jumanne. Jumatano tukazika. Sikulia. Nilipanga viti, nikagawa ubwabwa, watu wakasema nina moyo mgumu. Nilikuwa nimekufa ganzi, basi.

Tarishi aliporudi aliikuta barua kwenye trei, akaipeleka. Nilimwona akiichukua, nikampa na kitabu. Baada ya muda majibu yakaja kwamba nimekubaliwa. Nikatia sahihi ya kuyapokea, nikafungasha vyombo vyangu, nikahamia Ruangwa.

Siku ya kuripoti, dada wa utumishi alilifungua jalada langu, akasoma taratibu, kisha akaniangalia kwa huruma.

"Kumbe umekuja kumuuguza mama. Anaendeleaje sasa?"

"Anaendelea vizuri," nikasema.

"Mungu mkubwa," akasema, akagonga muhuri.