Siku Soda Ilipochemka Makongeni

Mwezi uliopita nilikwenda Soko la Burma kununua nyama ya wageni. Muuzaji alikuwa akikata mafuta kwenye kipande changu na kuyatupa ndooni, nikamuuliza wao huyafanyia nini. "Ya mbwa tu, madam," akasema. Utanicheka, lakini nilitoka pale nikaiacha nyama yangu mezani, mimi mama wa watoto watatu, kwa sababu ya ndoo ya mafuta ya ng'ombe.

Katikati ya miaka ya tisini tuliishi Makongeni, kwenye nyumba za reli. Tulikuwa na chumba kimoja na kibaraza cha saruji kwa nyuma. Baba alisafiri na treni siku nyingi, mama alifanya usafi kwenye ofisi mjini. Nyanya, mzaa baba, alikuwa amekuja kutoka magharibi kututembelea wiki mbili, akakaa miaka sita. Tulimwita Kukhu, kama nyanya wanavyoitwa kwetu. Yeye ndiye aliyeleta sabuni nyumbani.

Mafuta aliyaomba kwa wauza nyama wa Burma. Aliyayeyusha kwenye sufuria kubwa juu ya jiko la makaa, akayachuja kwa kitambaa, na harufu yake ikaingia kwenye blanketi, kwenye sare zetu za shule, hata kwenye chai. Kisha ilikuja soda. Si ile ya kunywa. Ilikuwa chengachenga nyeupe kama chumvi, ndani ya mkebe aliouficha juu ya kabati. Ukiitia majini, maji yalichemka yenyewe bila moto. Nyanya aliyamimina kwenye mafuta, akakoroga hadi mchanganyiko ukawa mzito kama uji, akatia maji ya mchaichai, akamimina kwenye sanduku la mbao. Vipande vilikaa wiki nne chini ya kitanda chetu vikikauka. Jumamosi tulivipeleka kwenye uwanja karibu na mtaa wa Tena, ambako wakulima walileta mboga na ndizi, na wao wenyewe ndio waliokuwa wateja wetu wakubwa. Walisema hakuna kingine kilichotoa utomvu wa ndizi mikononi.

Sharti la Nyanya lilikuwa moja, nami nililisikia kila wiki: soda inaingia kwenye maji, maji hayaingii kwenye soda.

Nilikuwa na miaka tisa. Mchana mmoja mama alikuwa kazini. Nyanya alikuwa ameinama akipuliza makaa, mkebe uko wazi kibarazani, nami nikataka aniambie nimekuwa mkubwa. Niliimimina soda yote kwenye beseni, nikachukua jagi, nikaimwagia maji.

Ililia kama kitu kilicho hai. Nilichoona ni mvuke, kisha mkono wa Nyanya ukinisukuma kifuani hadi ukutani, kisha Nyanya mwenyewe amepiga magoti akishika uso. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ndogo sana, "Leta maji, mwanangu. Leta maji mengi."

Mferejini maji yalikuwa yamekatika tangu siku tatu nyuma. Nilimmwagia yaliyobaki kwenye mtungi wetu, yakaisha kabla hata hajaweza kufungua jicho. Nilitikisa mtungi. Ulikuwa mtupu.

Jirani wa mlango wa pili alikuwa na pipa la maji lenye kufuli. Mwanamke huyo alikuwa hatusalimii kwa miezi mingi, maana moshi wa mafuta yetu uliharibu nguo zake kambani. Aliwahi kumwambia Nyanya mbele ya watu, "Siku moja utaua mtu na sumu yako." Nilimwogopa kuliko mwalimu wetu wa hesabu. Siku hiyo niligonga mlango wake kwa ngumi zote mbili.

"Unataka nini?"

"Kukhu ameungua jicho. Ni mimi. Nimeweka maji kwenye soda."

Sijui kwa nini nilikiri. Hakuniuliza la pili. Alifungua kufuli, akajaza ndoo, akakimbia bila viatu. Alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha rangi huko Industrial Area, na alijua jambo ambalo sisi hatukulijua. Alimlaza Nyanya chali, akamfungua jicho kwa vidole, akaanza kumimina polepole, ndoo baada ya ndoo. Wanawake wakajaa. Mmoja akaja na maziwa.

"Hapana, mama. Maji peke yake," jirani akasema. "Na wewe, nawa mikono, kisha jaza ndoo. Usisimame."

Nilijaza. Maji ya wiki nzima ya yule mwanamke yalitiririka hadi njiani, nami nikawa nasema moyoni, nimemuua, nimemuua Kukhu. Pipa lilipokauka ndipo walipomwingiza kwenye teksi kwenda hospitali.

Usiku, Nyanya ameshaletwa kutoka hospitali, mama alirudi akauliza kilichotokea. "Mkono wangu uliteleza," Nyanya akajibu kutoka kitandani, uso umefungwa bandeji. Jirani alikuwa mlangoni. Alinitazama, akachukua ndoo yake, akaenda kwake.

Siku kumi sikula vizuri. Bandeji ilipotolewa, jicho lilikuwa na ukungu mweupe pembeni, lakini lilihesabu vidole vya daktari. Alisema ni maji yaliyoliokoa. Wiki iliyofuata Nyanya aliniita kibarazani. Beseni lilikuwa na maji baridi. Nililia, nikamwambia siwezi. Alinishika kifundo cha mkono, na kwa pamoja tukatia soda kidogo kidogo, hadi nikaweza kuitia peke yangu. Jumamosi hiyo jirani alitubebea katoni moja ya sabuni hadi Tena.

Nyanya tulimzika kwao miaka mingi baadaye, nikiwa mtu mzima. Usiku wa kuamkia mazishi nilimwambia mama ukweli.

"Nilijua," mama akasema. "Nilikuogesha siku ile. Mikono yako ilikuwa na vidoa vya kuunguzwa na soda hadi kwenye viwiko."

"Mbona hukuniuliza?"

"Kukhu alikuwa ameshasema lake. Ningemwita mwongo?"

Siku hizi nanunua sabuni dukani, imefungwa kwa karatasi inayong'aa. Jirani alihama mimi nikiwa shule ya bweni, na hakuna aliyeweza kuniambia alikokwenda. Sikuwahi kumshukuru. Nilikuwa bado namwogopa kidogo.