Mtoto Ameanza Kula

Katika idara ya vibali vya ujenzi palikuwa na karani mmoja aliyeitwa Bwana Muhuri, kwa sababu kazi yake ilikuwa kugonga muhuri, na kwa sababu jina lake halisi halikuwahi kumsaidia mtu yeyote kupata kibali. Meza yake ilikuwa ya mwisho, kando ya mlango wa choo. Faili likimfikia limeshapita meza zote zenye njaa, limeshalainishwa, limeshakamuliwa. Yeye alibakiwa na kazi ya kuliangushia muhuri, paa! na kupuliza wino ukauke.

Muhuri hakuwa akila. Chakula alikula, tena sana, shingo yake ni shahidi. Lakini ile kula nyingine, ya bahasha chini ya faili, ilimshinda. Ungeweza kumwita mwadilifu kama hukumjua. Waliomjua walisema ni mwoga tu. Mkandarasi mmoja aliwahi kumpenyezea bahasha, Muhuri akatoka jasho mpaka gundi ikaachia. Tangu hapo wenzake walimwacha aishi kwa mshahara wake, kwa huruma ileile ya kumwachia mtu ugonjwa wake.

Shida yake kubwa ilikuwa nyumbani, na haikuwa na meno.

Mtoto wake wa kwanza alikuwa ameshaweza kukaa bila kuegemezwa mto, na nesi wa kliniki alikuwa amesema wakati umefika: maziwa peke yake hayatoshi tena, aanzishiwe chakula laini, kimoja kimoja, bila kulazimishwa. Rahisi kusema. Mke wa Muhuri alikuwa fundi cherehani katika karakana ya kushona sare za shule, na mwenye karakana alikuwa amechoka kumngoja.

"Jumatatu ya mwisho wa mwezi cherehani yako utaikuta," alimwambia. "Ukija Jumanne, utamkuta mwenzio ameikalia."

Chupa mtoto alikuwa ameikataa. Kikombe alikipiga kofi. Kwa hiyo mambo yalikuwa mawili tu: mtoto akila mchana, mama anarudi kazini; asipokula, cherehani inakwenda, na nyumba nzima inabaki kutegemea muhuri.

Wakamwita mama mkwe.

Mama mkwe alifika na kikapu, kijiko chake mwenyewe, na masikio mawili ambayo moja lilikuwa limestaafu na la pili likifanya kazi kwa zamu. Alikuwa amelea watoto wengi, sasa wote watu wazima, wote wanene, na alisema hajawahi kushindwa na kinywa.

"MLETE HUYO!" alisema. Kwa kuwa hakuisikia sauti yake, aliamini na wengine hawaisikii.

Walianza na uji mwepesi uliochujwa. Kijiko kikaingia. Mtoto akaupokea kwa heshima, akautafakari, halafu akausukuma nje kwa ulimi, polepole, bila hasira yoyote, kama ofisa anayerudisha faili lisilo na viambatisho.

"Ametema," alisema mke wa Muhuri.

"AMEKULA!" alisema mama mkwe.

"Ametema, mama. Si huo hapo kidevuni?"

"WA KIDEVUNI NI ULIOZIDI!"

Siku zilizofuata likaja boga la kuchemsha, vikaja viazi vya kupondwa, ikaja ndizi mbivu iliyolainishwa mpaka haijijui. Vyote vilirudi kwa njia ileile. Jirani wa mlango wa pili, ambaye alikuwa amesoma kila kitu kwenye simu yake na hakuwa na mtoto, alikuja kusema kijiko ni mambo ya kale, siku hizi mtoto anashikishwa chakula mkononi ajiongoze mwenyewe. Mtoto akashikishwa kipande cha karoti kilichochemshwa kikaiva. Akajiongoza nacho moja kwa moja mpaka kwenye jicho la jirani.

Muhuri hakuweza kukaa ofisini roho yake ikatulia. Wakakubaliana kwamba kila mchana mama mkwe atampigia simu kumpa habari za kijiko. Na mkwe akipigiwa na mama mkwe mwenye sikio la zamu, hana budi kuitikia kwa sauti ya kuamsha kijiji.

Sasa, pale ofisini palikuwa na mtoto mwingine. Huyu alikuwa wa herufi kubwa: Mtoto. Alikuwa kijana wa kaka yake Mkuu wa idara, mashavu laini, suti inayomzidi, na mbele ya kila mtu alimwita Mkuu "Baba" bila haya. Alikuwa ameajiriwa juzijuzi, akawekwa meza ya kwanza, pale faili linapoingilia, na ofisi nzima ilikuwa imekaa chonjo kuona kama ataanza kula. Maana meza ya kwanza isipokula, meza zote za nyuma zinalala njaa.

Na wiki hiyohiyo, mpika chai wa ofisi, dada aliyeitwa Redio kwa sababu zinazoeleweka, alikuwa ameleta habari iliyowakausha watu mate.

"Kule ukaguzi wameletewa bosi mpya. Mama mmoja hivi. Wenyewe wanamwita Mama tu. Mama huyo hata soda ya mtu hanywi! Na nasikia kila ofisi ameshaweka mtu wake wa kumpa habari."

"Hapa kwetu amemweka nani?" waliuliza.

"Mimi nitajuaje? Mtu ambaye hamumdhanii, basi."

Ndipo simu ya Muhuri ilipolia.

"Shikamoo, Mama!" alipiga kelele Muhuri. "NDIYO, MAMA! NAKUSIKIA! Vipi mtoto, ameanza kula?"

Kwenye maandishi tofauti ni herufi moja. Masikioni hakuna herufi kubwa. Vidole vya ofisi nzima vikaganda juu ya vibonye.

"AMEANZA? Tangu lini? Leo asubuhi!"

Mtoto wa meza ya kwanza, ambaye leo asubuhi alikuwa ameficha bahasha yake ya kwanza ndani ya soksi, alihisi mguu unawaka moto.

"Alipokea kwa mkono? Wa kushoto! Halafu akatema? Hapana, Mama, msimshtue. Mpeni vidogo vidogo azoee, vikubwa vitamkaba koo. Ndiyo. Ndiyo, Mama. Niko hapa, nafuatilia. Siku akimeza kabisa nipigie hapohapo, tusherehekee!"

Akakata simu, akagonga muhuri, paa! Watu watatu wakaruka kwenye viti.

Mchana huo ofisi ilishikwa na uadilifu kama homa. Bahasha zilirudishwa kwa wenyewe, nyingine zikiwa bado na joto. Mafaili yaliyokuwa yamelala mpaka yakaota vumbi yaliamshwa, yakapanguswa, yakasainiwa. Mzee mmoja aliyekuwa akifuatilia kibali cha kujenga ukuta tangu ukuta wenyewe ukiwa wazo tu, aliitwa kwa jina, akavutiwa kiti, akakabidhiwa kibali kwa mikono miwili. Akakigeuza mbele na nyuma, akakirudisha mezani.

"Wanangu, hiki sikitaki," alisema. "Hiki ni cha bandia. Sijalipa chochote."

Simu iliendelea kulia kila mchana, na kila mchana Muhuri aliuliza kwa nguvu zake zote kama mtoto amekula, nani amemlisha, na mbele ya nani. Mtoto wa meza ya kwanza alikonda mpaka suti ikamzidi mara ya pili. Mwishowe Mkuu akamwita Muhuri ofisini kwake, akafunga mlango, kisha madirisha.

"Karibu, kaa. Nikuagizie kinywaji gani?"

"Maji tu, mkuu."

Mkuu alisogeza kiti karibu. Hilo lilikuwa jibu la mtu wa ukaguzi.

"Bwana Muhuri, sisi ni ndugu. Huwa unaongea na Mama?"

"Kila mchana, mkuu. Samahani kwa kelele. Hasikii vizuri."

"Tumeambiwa anasikia sana."

"Akitaka, mkuu."

"Ehe. Sasa Mama anataka nini?"

"Anataka mtoto ale."

"Anataka *ale*?"

"Ale, ashibe, kabla ya Jumatatu ya mwisho wa mwezi."

Mkuu akauona mtego mzima. Wanamnenepesha kijana wa watu ili Jumatatu wamchinje!

"Na wewe je? Wewe mwenyewe unataka nini?"

Macho ya Muhuri yalilowa. "Mkuu, na mimi nataka hivyohivyo. Asipokula, mke wangu amekwisha. Cherehani yake inachukuliwa."

"Mpaka cherehani!" Mkuu alishika kichwa. Hawa watu hawana utu. "Nenda nyumbani, ndugu yangu. Pumzika wiki nzima, kwa mshahara. Na simu za Mama zipokelee hukohuko."

Muhuri akaenda nyumbani, akishangaa jinsi Mkuu alivyo na moyo wa mzazi.

Huko alikuta vita vimefikia pabaya. Mama mkwe anapaza sauti, mtoto amefunga mdomo kama pochi ya bahili, mke anatazama kalenda ukutani. Muhuri akampakata mwanawe ili wenzake wapumzike, akavuta sahani yake ya viazi vya kuchemsha, akaanza kula kwa majonzi. Akageuka kutafuta chumvi.

Aliporudisha macho, shimo lilikuwa limetokea kwenye kiazi. Mtoto alikuwa ametazama dari, mtulivu kabisa, shavu limetuna.

Akameza.

Muhuri akaponda kijiko kingine kutoka sahani ileile, akampelekea mdomoni. Mdomo ukafungwa. Akarudisha kijiko, akageukia dirishani, akajifanya anahesabu mawingu. Nyuma yake kukasikika mkwaruzo wa kidole kwenye sahani.

"Mke wangu!" aliita kwa kunong'ona. "Njoo uone, lakini usiangalie!"

Wakajaribu kwa boga. Wakajaribu kwa ndizi. Sheria ikawa hiyohiyo: kilichowekwa kwenye bakuli lake, chenye picha ya sungura, hakikugusika. Kilekile kikihamishiwa kwenye sahani ya baba yake, na baba akaangalia pembeni, kinakwisha mpaka mabaki yanalambwa.

"Huyu kazaliwa na cheo," alisema mkewe, akicheka huku anafuta machozi. "Hili kalitoa kwenu."

"Kwetu? Mimi hata kwa bahasha ya kupewa nilitoka jasho!"

Kazi ikabaki kwa mama mkwe, kwa sababu Jumatatu ndiye angebaki na mtoto. Walimweleza Jumapili baada ya chakula. Alisikia neno moja moja, na kila alilosikia lilimpandisha mori.

"NIANGALIE PEMBENI? MIMI? NIMELEA WATOTO WOTE WALE, HAKUNA ALIYEGUSA SAHANI YA MTU! LEO UZEENI NIFUNGUE CHUO CHA WEZI?"

"Mama, ni chakula chake mwenyewe," alisema binti yake.

"KAMA NI CHAKE, ANAKIIBIA NINI?"

"Yeye hajui kama ni chake."

"BASI AAMBIWE!"

Akaingia chumbani kwake na kijiko chake. Hakusema ndiyo, hakusema hapana.

Jumatatu mke wa Muhuri alikaa kwenye cherehani yake, mguu juu ya kanyagio, simu mapajani. Kama mtoto hatakula, mama yake atampigia, naye atasimama, na akisimama tu kiti ni cha mwenzake. Muhuri alikaa kando ya mlango wa choo, muhuri mkononi, hagongi. Ofisi nayo ilijua ni Jumatatu gani. Mkuu alikuwa amesimama mlangoni kwake tangu asubuhi, koti tayari mwilini, kwa lolote.

Simu ikalia. Simu ya Muhuri.

"Shikamoo, Mama! Ndiyo... AMEKULA? Yote? KWENYE SAHANI YA BABA YAKE!"

Mkuu akamgeukia Mtoto polepole.

"Sahani ya baba yake?" alimnong'oneza. "Unakula mpaka cha kwangu?"

Mtoto akainama, akaanza kuvua soksi.

"Na wewe, Mama, ulifanyaje? Eti? SEMA TENA! Uliangalia pembeni! Mama! Asante, Mama! Na utaendelea hivyo? Kila siku? Mungu akuweke, Mama!"

Muhuri aliweka simu chini, halafu akaichukua tena, akampigia mkewe. "Kaa hapohapo," alimwambia. "Shona." Kwa mbali, kwenye simu, akasikia cherehani ikianza kukimbia. Akalia kama mtoto.

Mkuu alimkaribia kwa kunyata, kama mtu anayekaribia nyoka.

"Mama amesemaje?"

"Amekubali, mkuu," alisema Muhuri, akifuta uso kwa kitambaa cha wino. "Ataangalia pembeni. Mradi mtoto ale taratibu, asijipakaze."

Mkuu akafumba macho, akayafumbua. Akavua koti. Madirisha yakafunguliwa, Redio akaitwa alete chai, na mtu fulani kwenye meza za katikati akapiga mluzi kwa mara ya kwanza tangu simu zianze. Mafaili yaliyokuwa njiani yalisimama pale pale yalipokuwa, yakalazwa upya.

Yule mzee wa ukuta alikuwa kwenye foleni. Alikuja kuomba kibali kingine, badala ya kile cha bandia. Mtoto wa meza ya kwanza, soksi moja tu mguuni, alilifungua faili lake, akalifunga, akasema bila kumtazama:

"Njoo kesho, mzee. Na usije mikono mitupu."

Uso wa mzee ukang'aa.

"Haya sasa!" alisema, akimgeukia wa nyuma yake kwenye foleni. "Hiki kitakuwa cha kweli."