Mara Mia na Nane kwa Ajili ya Bibi

Samli inayoungua taratibu kwenye utambi wa pamba ina harufu yake, na nikiisikia popote hunirudisha Mpanda ya katikati ya miaka ya tisini, ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Rukwa, kwenye vyumba viwili tulivyopanga nyuma ya duka la vitambaa. Mwenye duka alikuwa Mhindu, na mkewe tulimwita Mama Kirti. Samli aliinunua kwa Wasukuma waliokuja mjini na vibuyu, akaichuja mara mbili, kisha akaitia kwenye taa ndogo ya shaba aliyoiwasha kila asubuhi kabla duka halijafunguliwa. Baada ya taa ilifuata sauti yake: maneno yaleyale, kwa mwendo uleule, bila kupanda wala kushuka. Nilikuwa napiga mswaki uani huku midomo yangu ikiyafuata.

Nilikuwa darasa la nne pale bibi mzaa mama alipoletwa kutoka Mpimbwe juu ya lori la mpunga, miguu imevimba na pumzi fupi. Hospitali walimpa vidonge vya kupunguza maji mwilini, wakasema moyo umechoka. Mama hakutaka hata kulisikia neno hilo. Kati ya watoto wote wa bibi alikuwa amebaki yeye peke yake, na alikuwa ameapa kwamba bibi hafi mikononi mwake. Alisali novena, akapeleka nia ya misa, na mwisho, kwa aibu kidogo kwa kuwa alikuwa katibu wa jumuiya ya kanisa, akakubali Mama Kirti aje kumwombea. Bibi alikuwa mtu wa maneno makali na mzaha mwingi. Alipoambiwa, alinigeukia akasema, "Mke mwenzangu, niletee rozari yangu, nisije nikaonekana nimekaa bure."

Sala aliyokuja nayo, mantra kama Wahindu wanavyoiita, ilikuwa na jina refu lililotushinda, ila tulielezwa kuwa ni ya kuyashinda mauti, na kwamba ingesomwa mara mia na nane kwa siku, siku kumi na moja. Mama Kirti alikuja ameoga, akavua viatu, akakaa mkekani akitazama jua linakotoka, na bilauri ya maji mbele yake. Alihesabu kwa shanga za mbegu ngumu za kahawia, akizisukuma kwa kidole gumba juu ya kidole cha kati. Cha shahada hakikuruhusiwa kugusa. Ushanga mkubwa pale uzi ulipofungwa haukuvukwa. Ukifikiwa, mkufu uligeuzwa na kuhesabiwa kurudi ulikotoka. Katikati hakuzungumza na mtu. Hata muuza maziwa alijibiwa kwa mkono. Bibi alimaliza rozari yake mapema, akawa anamsubiri kama mtu aliyewahi sokoni. Kisha aliyanywa yale maji.

Siku ya saba nilimkuta Mama Kirti akichekecha unga, nikamuuliza maneno yale maana yake nini. Hakuona sababu ya kunificha. "Tunamwomba Mungu mwenye macho matatu," alisema, "atufungue kutoka kwa kifo. Kama tango. Likiiva, kikonyo chenyewe kinaachia, hapana kuvutwa. Halafu mtu anabaki na uzima ule haufi." Nilitoka mbio kumweleza bibi, nikijivunia habari mpya. Alinirudisha niseme tena, polepole. "Huyu Mhindi kaelewa," akasema hatimaye. "Mama yako anataka nikae tu."

Asubuhi iliyofuata alikataa vidonge na akataka kurudishwa Mpimbwe. Mama alimsihi, akapiga magoti, akalia. "Mwanangu, mmenivuta vya kutosha," bibi alisema. "Mie nimeiva. Nipelekeni nyumbani." Mama akauliza ni nani aliyemtia maneno hayo. Bibi alinitupia jicho, akajibu, "Nimeyapata kwenye maombi." Alifariki kijijini kabla mpunga haujaisha kuvunwa, akiwa ametulia, na mama aliporudi mjini hakumsalimu tena Mama Kirti mpaka tulipohama. Siku moja yule mama alinisimamisha uani. "Mwanangu, kosa langu nini?" Nilisema sijui. Niliona haya, na haya hiyo haijaniisha.

Siku hizi mantra ile imo kwenye simu. Watu huiacha ijirudie huku wakipika au wakifua. Hakuna anayehesabu, na hakuna anayegeuza mkufu. Mama ni mzee sasa, anaishi kwangu, na miguu yake imeanza kuvimba kama ya mama yake. Wiki iliyopita jirani aliifungulia, sauti ikaingia dirishani, na mama akaitambua.

"Hivi yale maneno ya Mama Kirti yalikuwa yanasemaje?" aliniuliza. Miaka yote hiyo hakuwahi kuuliza.

Nikiwa darasa la nne niliyasema yote bila kuvuta pumzi. Safari hii niliweka sawa mto wake kwanza.

"Yanaomba mgonjwa apone, mama."

"Basi nilimwonea bure," akasema.

Nikaitikia kwa kichwa, nikampa vidonge vyake vya jioni, nikasimama pale mpaka nilipohakikisha amemeza.