Lugha Inayomchungulia Mtu

Mtaa mzima ulimwita Bi Uzi. Tangu alipofiwa na mumewe alishona sare za shule sebuleni kwake, na mdomo wake ulishindana na cherehani. Mara nyingi cherehani ndiyo iliyoshindwa.

Mwanawe wa pekee alirudi kutoka masomoni na mke asiyejua Kiswahili. Bi Uzi akaokoteza Kiingereza kilichombakia tangu darasani. Jioni ya kwanza mezani, akamsimulia mkwewe jinsi mwanawe alivyokuwa mtoto mpole.

"She was good boy," akasema kwa fahari.

Mwanawe akaangua kicheko. "Mama, umenigeuza mwanamke! Mimi ni 'he'."

"Kwetu yeye ni yeye tu," mama akajitetea. "Lugha gani hii, inamchungulia mtu kwanza ndipo imtaje?"

Wakacheka wote. Kesho yake akamwita mkwewe aje jikoni, kumbe amesema aje kwa kuku: "Come to the chicken!" Mwanawe akacheka tena, akamsahihisha tena. Kuanzia hapo Bi Uzi akautia mdomo kufuli. Mwana akienda kazini, wanawake wawili hubaki kama abiria wasiojuana: huyu anaonyesha sufuria kwa kidole, yule anaitikia kwa kichwa. Wateja wakija, soga humwagika kama kawaida.

Alasiri moja mwanawe akamjia, uso umemshuka. "Mama, mke wangu amekukosea nini? Analia. Anasema unaongea na kila mtu isipokuwa yeye."

Bi Uzi akaweka mkasi chini. "Anikosee nini, maskini? Ninachokiogopa ni Kiingereza, si yeye!"

"Lakini ulikuwa unacheka nasi."

"Kucheka si furaha, mwanangu. Meno ni mifupa tu."

"Nisamehe, mama," kijana akanong'ona.

Bi Uzi akaenda mwenyewe kubisha hodi chumbani. Mkwewe alipofungua, macho mekundu, akamshika bega, akayatoa maneno moja moja kama anayetunga uzi kwenye sindano. "English, I fear. You, no fear." Kisha akamgeukia mwanawe: "He is my daughter."

Safari hii mwanawe aliuma midomo. Mkwe naye hakusahihisha. Alijifuta machozi, akavuta pumzi, akajaribu Kiswahili alichojifunza kwa siri: "Mama, leo mimi nimepiga kuku."

"Umempiga? Kakufanya nini?" Bi Uzi akashtuka. Ndipo harufu ya kitunguu ikamfikia kutoka jikoni. "Ah! Ume-pi-ka!"

Wakacheka hadi wakashikana wasianguke.

Siku hizi mkwe huketi kando ya cherehani akikunja sare, na wawili hao huzungumza lugha yao wenyewe, nusu hivi nusu vile. Mwana akirudi kutoka kazini na kuuliza wanasema nini, huambiwa akanawe mikono, chakula tayari.